Mlango wa Wakwe

Fedha zenyewe zilikuwa za pwani. Hilo nililisikia siku ya kwanza kabisa, kwenye baraza la chifu pale Rukala, daktari, mwanamke msomi aliyeongoza mradi wetu, aliposimama kueleza kwamba kuna wafadhili wanaotoa pesa za utafiti ili jamii za pwani zijikinge na majanga ya mazingira. Mzee mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono akauliza, kwa heshima zote, kama daktari hakupotea njia, kwa sababu pwani iko Mombasa na hapa ni Budalang'i. Watu wakacheka. Daktari, ambaye ni mwenyeji wa pwani hiyo hiyo ya Mombasa na Kiswahili chake ni kitamu mpaka unasahau anasema nini, akamjibu kwamba ziwa nalo lina ufuo, lina mawimbi, lina samaki, na lina watu wanaofuatwa na maji hadi kitandani. Wafadhili walikuwa wamekubali kwamba hiyo nayo ni pwani. Mzee akafikiri kidogo, akasema kama ni hivyo basi nazi nazo ziletwe.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya daktari nikitafsiri. Kwetu ni Moding, nyumba yangu iko Malaba, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufuatilia makaratasi ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Ni kazi ya kelele na vumbi, kwa hivyo nilipochukuliwa na mradi ule kuwa mkalimani siku chache kila wiki, nilijiona nimepewa likizo yenye mshahara. Nina Kiteso cha nyumbani, nina Kiluhya nilichofundishwa na mke wangu, na nina Kiswahili cha madereva wa malori. Mke wangu ni mzaliwa wa Rukala. Mama yake anaishi hapo hapo, chini ya tuta linalozuia mto Nzoia, na habari hii kwa kweli ni yake.

Mambo ya wakwe kwetu ni mazito, na ni afadhali niyaeleze mapema. Mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mkono. Hamkai kochi moja, hamli meza moja, na kulala chini ya paa moja ni jambo lisilotajwa hata kwa mzaha. Mkikutana njiani, mmoja anakata kona. Tangu nioe sijawahi kumtazama mama mkwe usoni kwa muda wa kutosha kujua macho yake yakoje. Ukiniambia nimweleze, nitakueleza leso zake. Tukiwa na la kuambiana, tunampa mtu mwingine alipeleke, hata kama tunasikiana vizuri kabisa kupitia dirishani.

Usidhani basi kwamba hatupendani. Mapenzi yetu yanapitia jikoni. Mkwe akienda ukweni kwa utaratibu, amevaa koti, amebeba sukari na mkate, atachinjiwa kuku, na huyo kuku ataletwa na firigisi yake, ile wenyeji wanaiita imondo, ikiwa nzima juu ya nyama. Firigisi ndiyo ujumbe. Ikikosekana, mkwe anarudi kwake akijiuliza amekosa nini.

Sasa tangu mradi uanze nilikuwa nafika Rukala kila wiki, na njia ilipita mbele ya boma la mama mkwe. Sikuingia hata mara moja. Ningeingiaje na gambuti zenye matope, mikono mitupu, nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa kama mtu wa bodaboda? Mke wangu akawa ananiletea malalamiko kutoka kwao.

"Mama anauliza ni mkwe wa aina gani anapita kwake kila wiki kama gari la maziwa," aliniambia jioni moja. "Na anasema jogoo wako ashanona mpaka kutembea ni shida."

Nikamwambia nitaenda mradi ukiisha, nikiwa nimevaa vizuri. Jogoo akaendelea kunona.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Huko juu mtoni kulikuwa na mitambo ya kupima maji. Yakipanda, mitambo inatuma habari, na king'ora kilichofungwa kwenye mlingoti pale sokoni kinalia. Watu wakikisikia, waache walichokuwa wakifanya, waende shule ya msingi iliyoko kwenye mwinuko. Mitambo ilifanya kazi, king'ora kilifanya kazi. Kilichobaki kupimwa ni sisi binadamu: je, kikilia, watu watatoka majumbani? Wafadhili walikuwa wametoa pesa za awamu ya kwanza tu. Awamu ya pili ndiyo ingejenga vyoo na matangi ya maji pale shuleni na kupeleka ving'ora vijiji vingine, na isingekuja mpaka waone kwa macho yao watu wakihama.

Wengine waliuita utafiti. Mimi nilikuwa na mtu wangu chini ya lile tuta. Mafuriko yaliyotangulia, mama mkwe alikataa kutoka. Alipanda juu ya meza na jiko lake akakaa hapo, maji yakizunguka miguu ya meza, akipika chai, mpaka wavuvi walipoingia na mashua wakambeba kwa nguvu. Mke wangu alishinda na simu mkononi kule Malaba, hali, hanywi, na kila simu ikilia anaogopa kuipokea. Sikuweza kusema mama aletwe kwetu, maana nimeshaeleza habari ya paa moja. Kwa hivyo ilikuwa shule au meza. Nilitaka mradi ule ufaulu kuliko hata daktari alivyotaka.

Siku ya zoezi la kwanza nilipewa kipaza sauti, nikasimama kwenye lango la shule. King'ora kikalia. Mbwa wote wa Rukala wakajibu. Vijana wakaja mbio, wakifuatwa na akina mama vijana wenye watoto mgongoni, na wanaume wa makamo wakitembea polepole ili wasionekane wameogopa. Wazee wanawake hawakuja. Tulingoja mpaka jua likawa kali, na hakuja hata mmoja, na hao ndio mradi uliwalenga kuliko wote, kwa sababu ndio hukaa nyumbani mchana na ndio hawawezi kukimbia.

Daktari aliumia. Lakini mtafiti akiumia anaanza kuuliza maswali, na hapo ndipo tulipopoteza miezi. Aliuliza kama king'ora hakikusikika. Watu wakasema ndiyo, hakikusikika. Tukaleta kikubwa zaidi. Aliuliza kama wanaogopa kuibiwa mali. Wakasema ndiyo, wanaogopa sana. Wakachaguliwa vijana wa kulinda boma. Aliuliza kama njia ni mbaya, wakasema ni mbaya mno, na njia ikawekwa murram. Watu wetu wana adabu hiyo. Mgeni akija kutoka mbali na jibu lake, hatumnyang'anyi. Na jibu lenyewe likiwa linaleta murram, nani atalikataa?

Tukarudia zoezi. Wazee wanawake hawakuja.

Jioni hiyo nilikuwa Malaba, nimejinyoosha kwenye kiti, nikimlalamikia mke wangu kwamba watu wa kwao ni wagumu. Alikuwa anakunja nguo. Akaniacha nimalize.

"Mama alitoka," akasema.

"Alitoka wapi?"

"Nyumbani. King'ora kililia akatoka wa kwanza, hata kabla ya hao vijana wako. Akafika kwa posho mill, pale tunaposaga unga, akainua macho, akakuona getini na hicho kizibao, akarudi."

Niliketi wima.

"Ulitaka akupite vipi?" mke wangu akaendelea, na sasa alikuwa anacheka. "Unataka aingie akisukumana na wewe getini? Halafu alale darasa moja na wewe? Na jirani yake, mkwe wake ni yule fundi wa baiskeli, naye alikuwa ndani tayari. Hao wamama wote walirudi. Kila mmoja aliona mkwe wake."

Kwa nini hakuniambia tangu zoezi la kwanza? Alisema alidhani najua. Na kwa kweli nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote, lakini kile kizibao kilinidanganya. Nikikivaa nilikuwa mtu wa mradi. Wao waliona mkwe amevaa kizibao.

Kumwambia daktari kulinitesa wiki nzima. Mwanamume hazungumzi habari za mama mkwe wake mkutanoni, na mbele ya mwanamke msomi ndiyo kabisa. Nikapiga moyo konde siku tulipokuwa Busia mjini, tumekaa hotelini tunakula chapati na maharagwe, na hakukuwa na mtu wa Rukala karibu. Nilimweleza nikiwa nimekazia macho sahani. Nilipofika kwa posho mill, alikuwa ameweka kijiko chini. Nilipofika kwa fundi wa baiskeli, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Wallahi utanivunja mbavu," alisema alipopata pumzi. "Mimi mama mkwe wangu analala chumba cha pili, na kila asubuhi anaikosoa chai yangu. Nimebadilisha king'ora, nimemwaga murram, kumbe tatizo ni wewe?"

"Si mimi peke yangu," nikasema. Niliona lazima nijitetee.

"Na mbona watu hawakusema?"

"Hukuuliza kuhusu wakwe."

Akacheka tena, halafu akaacha. Aliuliza mama mkwe anaishi umbali gani na tuta, nikamwambia. Chapati yake ikapoa pale mezani.

Tukapanga upya. Shule ile ina safu mbili za madarasa zinazotazamana. Tukasema safu moja iwe ya wazee wanawake na watoto, nyingine ya wanaume na familia changa, na katikati turubai refu kama la harusi. Upande wa wamama tukafungua lango jipya kwenye ua, linaloelekea mashambani, ili mtu aingie bila kupita mbele ya mkwe wake. Watu wakaliita Mlango wa Wakwe hata kabla halijapigwa rangi. Kwenye baraza daktari alipolitangaza, hakuna aliyecheka wala kupiga makofi, lakini niliona wazee wanawake waliokaa nyuma wakitazamana na kurekebisha leso zao. Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza wafadhili kwa nini pesa ya king'ora cha akiba imenunua lango na turubai. Daktari alijifungia siku mbili kutafuta maneno ya kisomi ya mama mkwe. Wafadhili wakajibu kwamba watamtuma mtu aje aone.

Mtu huyo alikuja, bwana mrefu mpole mwenye kofia pana, kuona zoezi la tatu. Hakuliona. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, na asubuhi, tukiwa bado tunapanga viti, king'ora kilianza kulia bila sisi kukigusa. Tulitazamana. Daktari aliangalia simu yake, akasema, "Maji kweli."

Nilikimbilia lango la mbele, lile la wanaume. Watu walianza kuja. Nilikuwa nimetulia kabisa, maana mpango ulikuwa mzuri na mama mkwe alikuwa na njia yake. Kitu kimoja hatukukifikiria: yale mashamba ya upande wa Mlango wa Wakwe yako chini kidogo. Tulichora ramani na watu wote, tukasahau kuuliza mto. Maji yalipopita tuta yalianzia pale, na kabla ya saa sita lile lango letu jipya lilikuwa linatazama ziwa.

Kwa hivyo wazee wanawake wakaja na mashua za wavuvi, na mashua zikaja mahali pekee palipobaki, langoni kwangu, ambako wakwe wa Rukala nzima tulikuwa tumejazana tukisaidia kubeba magodoro. Mashua ya kwanza ikagota ukingoni. Nikaiona leso ya kijani ambayo naijua. Nikainamisha kichwa.

"Mama anasema hashuki," mvuvi akasema kwa sauti.

"Kwa nini?" akauliza bwana mwenye kofia.

"Anasema hapo getini kuna watu wa heshima."

Hakuna mkwe aliyehitaji kuelezwa. Lakini hatukuwa na pa kwenda: nyuma yetu ua umejaa watu na mizigo, mbele maji. Mashua nyingine zilikuwa zinafika, zimejaa wamama, na hakuna aliyeinuka. Walikaa wima wakiangalia pembeni, na maji yakipanda. Niliiona ile meza, na jiko juu yake, na mke wangu akiogopa kupokea simu. Sikuwa tayari kurudi Malaba na habari kwamba mama alizama kwa kuniheshimu.

Nikainua kipaza sauti. "Wakwe wote," nikasema, "geukeni muangalie seng'enge."

Wakageuka. Fundi wa baiskeli, mwalimu, muuza omena, wazee wenye wajukuu, wote tukapanga mstari kando ya seng'enge, pua karibu na waya, kama watoto waliochelewa shule. Bwana mwenye kofia aliuliza kama naye anatakiwa. Daktari akamwambia kwamba kwa kuwa hajaoa Rukala anaweza kuangalia. Akafikiri, akavua kofia, akaja kusimama kando yangu na kuikazia macho nguzo.

Nikasema tena kwenye kipaza sauti, nikiiambia seng'enge, "Karibuni wazazi wetu. Hakuna anayewaona."

Halafu mashua ikatikisika, na nikasikia miguu kwenye maji, na leso zikipita nyuma yetu, na vikohozi, na mtu mmoja akicheka chini kwa chini. Mashua moja, na nyingine, na nyingine. Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa naangalia waya. Hatua moja ilisimama nyuma yangu. Nikasikia kuku akilalamika ndani ya nguo.

"Daktari," sauti ya mama mkwe ikasema, umbali wa mkono kutoka mgongo wangu, "mwambie huyo wa kizibao asisimame kwenye maji. Atashikwa na homa, halafu mke wake aseme ni sisi."

"Mama anasema usisimame kwenye maji," daktari akaniambia, kwa sauti iliyokuwa inajikaza.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema, nikahama hatua moja.

Nitasema sasa hivi kwamba awamu ya pili ilikuja, ili nisiiweke mwishoni, maana si mwisho. Vyoo vimejengwa. Mlango wa Wakwe umehamishiwa upande wa juu, na vijiji jirani vikipewa king'ora, baraza linauliza lango kwanza. Bwana mwenye kofia alirudi kwao akiwa na picha moja tu ya siku ile, ya migongo.

Lakini jioni hiyo hiyo tulikuwa bado hatujui lolote. Nyumba za chini zilikuwa majini mpaka madirishani. Nilikuwa nimeketi kwenye dawati upande wa wanaume, nimechoka, nimempigia mke wangu simu na kumsikia akilia kwa furaha, wakati turubai lilipoinuliwa na daktari akapita chini yake amebeba sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

"Nimetumwa," alisema, akaiweka mbele yangu. "Mama anasema, mkwe amefika ukweni, hawezi kulala hivi hivi."

Godoro lake lilikuwa limeachwa. Redio yake iliachwa, na kabati la vyombo, na hata ile meza. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba mvuvi alimpa nafasi ya kubeba kitu kimoja, na mama hakufikiri mara mbili, akamkamata jogoo. Mimi ndiye niliyedhani namkaribisha yeye pale shuleni. Rukala ni kwake, hata ikiwa chini ya maji, na mgeni nilikuwa mimi.

Nikafunua sahani. Wakwe wenzangu walinyoosha shingo kutoka kila dawati. Kuku alikuwa amenona kweli, na nyama niliwagawia wote, fundi wa baiskeli hadi bwana mwenye kofia. Firigisi ilikuwa juu, nzima, na hiyo nilikula peke yangu.